Je, Mwenye Mashaka Ametoka Katika Imani?

 

Safari hii hatuandiki juu ya sikukuu wala juu ya mabati ya kanisa. Tunaandika juu ya jambo ambalo wengi wenu mmetuletea kwa sauti ya chini, baada ya ibada, mkitazama kwanza kama hakuna mtu nyuma yenu. Mnauliza: mtu akiwa na mashaka, je, bado ni mwamini? Akipiga magoti na kusali, huku moyo wake unamwambia kwamba hakuna anayesikiliza, sala ile ni sala? Na kwetu sisi tulio wa kanisa la kinabii, swali hili lina ncha ya pili inayochoma zaidi: nikisitasita kulipokea neno ambalo nabii amelisema, je, nimemkataa Mungu?

Tungeweza kuwajibu kwa mistari mitatu ya Biblia na kuwaaga. Lakini sisi wenyewe tuna deni katika jambo hili, na mwenye deni hafai kufundisha kabla hajalitaja.

Kati yetu yuko mama mmoja. Jina lake hatutalitaja, na wanaomjua tunawaomba wasilitaje. Mwanawe wa kwanza aliondoka nyumbani mwaka 1996, akiwa na miaka 14. Mtu wa Bukavu hahitaji kuelezwa mwaka ule. Mwishoni mwa Oktoba vita viliingia mjini. Tarehe 29, Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, aliyebaki na watu wake wakati wengi walikuwa wanakimbia, aliuawa pale Nyawera. Majuma yaliyofuata, vijana wetu wengi, wengine madaftari ya shule yakiwa bado mikononi, walifuata jeshi la AFDL, wakaitwa kadogo, na waliobaki hai wakaingia Kinshasa mwezi wa Mei 1997. Kijana huyu alikuwa mmoja wa walioondoka. Salamu zake za mwisho zilifika kutoka Kisangani, kwa mdomo wa mwenzake. Baada ya hapo, kimya.

Mwaka 1998, wakati wa mfungo kabla ya Pasaka, mama huyu alikuja katika chumba cha maombi, na mmoja wa wenye maono wetu akasema mbele ya wazee kwamba ameona mtoto anarudi, na atakuwa nyumbani kabla ya mavuno ya maharagwe. Tulipiga ngoma siku ile. Tuliimba mpaka jirani wakatoka nje kutazama. Maharagwe yalivunwa. Mwezi wa Agosti vita vya pili vikaanza. Mtoto hakuonekana.

Mama hakusema neno. Aliendelea kuja, akiketi mbele pamoja na akina mama wengine. Tulimwambia angoje, akangoja. Ilipofika mwaka 2004, watoto wengine waliotumikishwa katika majeshi walikuwa wameanza kurudishwa kwa wazazi wao, na yeye alikuwa anasikia vigelegele kwenye lupango za watu. Kisha mwezi wa Juni mwaka ule ule mji ukachukuliwa tena na watu wenye bunduki, nyumba zikaporwa, wanawake na wasichana wakafanyiwa yale ambayo hatutayaandika hapa. Mambo yalipotulia kidogo, alikuja kwetu, akakaa kwenye benchi la wazee, akauliza swali moja tu. Tunaliandika jinsi alivyolisema, kwa Kiswahili chetu cha Bukavu: «Baba, ni mashaka yangu njo yalifunga njia ya mutoto?»

Wapendwa, tulimjibu kwamba ndiyo. Tulimwambia kwamba unabii ni wa kweli, lakini mashaka ni mwizi anayesimama mlangoni na kuizuia baraka isiingie. Tulimpa siku saba za kufunga ili atubu kutokuamini kwake. Alifunga siku saba. Siku ya nane hakuja kanisani, wala Jumapili iliyofuata, na akina mama walipotumwa kumwona, aliwapa chai na kuzungumza nao habari za bei ya unga.

Hili ndilo deni letu. Tulichukua mzigo wa vita, tukauondoa mabegani mwa watu waliompa mtoto wa miaka 14 bunduki, tukamtwisha mama yake. Tulifanya hivyo kwa sababu hatukutaka unabii wetu uonekane umeanguka. Tazameni hesabu yetu ilivyokuwa: mtoto akirudi, sifa ni za mwenye maono, asiporudi, kosa ni la mama. Hesabu ya namna hiyo, hata wauzaji wa soko la Kadutu wangeikataa.

Biblia inawajua watu wa aina yetu. Ni wale marafiki watatu wa Ayubu. Nao hawakuwa wapagani, walikuwa watu wa dini, waliketi naye chini siku saba usiku na mchana bila kusema, na siku hizo saba walifanya vizuri. Shida ilianza walipofungua kinywa. Walimtetea Mungu sana, sura baada ya sura, wakimwambia Ayubu kwamba lazima iko dhambi mahali fulani. Ayubu alipiga kelele, alibishana, alitaka Mungu aje ajibu mashtaka. Sasa someni sura ya 42 kwa makini, mwone nani anakemewa. Mungu anawakasirikia wale watetezi wake, anasema kwamba hawakunena yaliyo sawa juu yake kama alivyonena Ayubu. Kisha anawaagiza waende kwa huyo huyo waliyemshitaki, awaombee. Wenye uhakika wanahitaji maombi ya mwenye maswali! Sura hiyo tuliisoma miaka mingi tukifurahia ng'ombe na kondoo waliorudishwa, tukauruka mstari huo.

Turudi sasa kwenye ile ncha ya pili, kwa sababu ndiyo inayotuhusu sisi kuliko makanisa mengine. Sisi tunaamini kwamba Roho Mtakatifu hasemi kwa wazungu tu, wala hakunyamaza siku mitume walipokufa. Bila imani hiyo kanisa letu lisingekuwako. Lakini mtume Paulo aliyewaambia Wathesalonike wasiudharau unabii, pumzi ile ile aliwaambia wapime yote. Na kwa Wakorintho, sura ya 14, aliweka utaratibu: manabii wanene wawili au watatu, na wengine wapambanue. Sasa tuulizane: mtu atapambanua namna gani, ikiwa kusitasita tu kunaitwa dhambi? Anayepambanua ni mtu anayekubali kwamba neno hili linaweza kuwa si la Mungu. Mahali ambapo haruhusiwi mtu kusitasita, hakuna upambanuzi, kuna kupiga makofi tu.

Mtazameni Yeremia katika sura ya 28. Nabii Hanania anasimama hekaluni, mbele ya makuhani na watu wote, anasema kwamba katika miaka miwili vyombo vya hekalu na wafungwa wote watarudi kutoka Babeli. Habari tamu kuliko hiyo haikuwapo Yerusalemu. Yeremia alikuwa na mashaka nayo. Lakini alisema nini kwanza? Alisema amina. Alisema kwamba anatamani Bwana afanye hivyo kweli. Ndipo akaongeza kwamba nabii wa amani atajulikana siku neno lake litakapotimia. Yeremia hakufurahia kutilia shaka. Alitamani Hanania awe na haki, kwa maana nao waliochukuliwa walikuwa watoto wa watu wake. Mtu anaweza kusema amina kwa machozi na papo hapo akabaki na swali. Mama yetu alikuwa katika hali hiyo hiyo miaka sita, na sisi hatukuitambua.

Tuliitambua kwa njia ya tetemeko la ardhi. Mnakumbuka Jumapili tarehe 3 Februari 2008, asubuhi, wengi wetu tukiwa tumekwisha kukusanyika kwa ibada. Nchi ilitikisika, kuta zikapasuka, watu wakatoka mbio wengine bila viatu. Upande wa pili wa Ruzizi, kule Rwanda, jengo la kanisa liliwaangukia watu wakiwa ndani wanasali, na wengine walikufa pale pale. Juma lile wazee walipita nyumba kwa nyumba kuangalia nyufa, maana matetemeko madogo yaliendelea. Tulifika kwa mama huyu. Ukuta wa jikoni ulikuwa umefunguka. Juu ya meza kulikuwa na sahani iliyofunikwa, bugali na sambaza kidogo, na tukadhani tumemkatiza chakula. Alisema hapana, hiyo ni ya mtoto. Kila jioni alikuwa anaweka sahani moja zaidi, tangu 1996, na asubuhi anampa mtoto wa jirani.

Tulisimama mbele ya sahani ile hatuna la kusema. Mtu tuliyemhukumu kuwa hana imani alikuwa ametandika meza miaka zaidi ya kumi na moja.

Jioni ile wazee walimwita yule mwenye maono, naye alikuwa amekwisha kuwa mzee. Hatukumwita kwa ukali. Tulimwomba atuambie tena alichokiona mwaka 1998. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema: «Niliona mutoto pembeni ya maji. Njo ile tu. Ingine yote ni mimi niliongeza, juu ya kumuhurumia mama.» Alilia, na sisi tulilia pamoja naye. Aliongeza kwa huruma, si kwa pesa. Lakini maneno yake yalipokwisha kutoka, ngoma zikapigwa, na baada ya ngoma hakuwa tena na njia ya kurudi. Kama siku ile mtu mmoja tu kati yetu angesimama na kuuliza, «Baba, hayo ya maharagwe umeyaona, au unayatamani?», tungemwokoa mama, na tungemwokoa nabii pia.

Tangu mwaka ule kanisa letu lina daftari. Katibu anaandika neno lililosemwa, tarehe, na nani alikuwapo. Wazee wawili wanauliza maswali kabla neno halijapelekwa kwa mhusika. Mwanzoni wengine walinung'unika kwamba tunamzimisha Roho. Sisi tunaona kwamba Roho hazimwi na kalamu ya katibu. Na jambo moja tumelikataza kabisa, halina ruhusa hata kwa mchungaji: kumwambia mtu mwenye msiba kwamba msiba umemjia au umemkalia kwa sababu ya uchache wa imani yake.

Hata hivyo, wapendwa, tusijidanganye kwamba tukiwa na daftari mashaka yatakwisha. Kumtilia shaka nabii ni jambo moja, nalo lina dawa. Kuna mashaka mengine yanayomhusu Mungu mwenyewe. Wale wa ng'ambo ya Ruzizi walikufa wakiwa wanasali. Waliochelewa ibada walipona. Mtoto mmoja wa shule ya Jumapili alituuliza juu ya hilo, na hatukuwa na jibu la kumpa. Bwana Yesu katika Luka 13 alizungumza juu ya mnara wa Siloamu ulioua watu 18, akakataa kabisa kwamba wale walikuwa wakosaji kuliko wengine wa Yerusalemu. Aliita watu kutubu, ndiyo. Lakini kwa nini mnara uliwaangukia wale na si wengine, hakusema. Tumesoma sura ile mara nyingi tukilitafuta jibu, halimo. Nasi hatutaliweka.

Mtazameni pia Yohana Mbatizaji. Yeye alimwona Roho akishuka kama njiwa, alimnyoshea Yesu kidole mbele ya watu. Kisha Herode akamtia gerezani, na kutoka mle ndani akatuma wanafunzi wakamwulize Yesu kama ndiye yule ajaye au wamngojee mwingine. Nabii mkubwa namna ile anauliza swali kubwa namna ile! Yesu hakumkemea. Aliwaambia wajumbe wampelekee habari za vipofu wanaoona na maskini wanaohubiriwa. Na walipoondoka ndipo alipomsifu Yohana mbele ya umati, kwamba hakuna aliyezaliwa na mwanamke aliye mkuu kuliko yeye. Sifa hiyo ilikuja baada ya swali, si kabla. Lakini tuwe wakweli hadi mwisho: mlango wa gereza haukufunguliwa. Yohana alikatwa kichwa. Alipewa habari, hakupewa uhuru.

Sisi Wakongomani tunalo gereza letu katika habari hii. Simon Kimbangu alianza kazi yake Nkamba tarehe 6 Aprili 1921. Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule mahakama ya kijeshi ya Wabelgiji huko Thysville, leo Mbanza-Ngungu, ilimhukumu kifo, na mfalme Albert akaibadili hukumu kuwa kifungo cha maisha. Alipelekwa Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, akakaa gerezani miaka 30, akafia humo mwezi wa Oktoba 1951. Kazi yake ya hadharani ilikuwa miezi michache; kifungo chake kilikuwa usiku zaidi ya elfu kumi. Wafuasi wake walihamishwa kwa nguvu, wengine mpaka Lowa, kando ya mto Lualaba. Kanisa lake lilipata ruhusa ya serikali mwezi wa Desemba 1959, miaka minane baada ya kufa kwake.

Tukihubiri habari hizi tunaruka kutoka 1921 mpaka 1959, kama mtu anayevuka mfereji. Lakini watu waliishi katikati. Mwanamke aliyefikishwa Lowa hakujua kwamba 1959 itakuja. Alijua mvua, homa, na kwamba mtu wa Mungu amefungwa na mbingu hazikupasuka. Mke wa Kimbangu, Mama Marie Muilu, aliwalea watoto na kuwashikilia waaminifu kwa siri miaka yote hiyo. Tunapomwita mama wa imani, tusifikiri imani yake ilikuwa kama ya mtu aliyekwisha kusoma mwisho wa kitabu. Aliamka kila asubuhi bila kujua.

Vijana wetu wanaosoma ISP na vyuo vingine wana mashaka ya aina nyingine. Wanauliza kwa nini tunashika kitabu kilicholetwa na watu wale wale waliotufunga minyororo. Swali ni zuri, tunaomba waendelee kuuliza. Hapa tunasema hili tu: Kimbangu alibatizwa na Wabaptisti mwaka 1915, alikuwa katekista, na kitabu alichokihubiri Nkamba ndicho hicho hicho. Waliomfunga walikuwa nacho pia. Hao wawili hawakukisoma kwa namna moja. Vijana, njoni tukisome pamoja Jumatano, mtubishie.

Kuna ndugu watakaofungua waraka wa Yakobo, sura ya kwanza, na kutuonyesha kwamba mwenye mashaka ni kama wimbi la bahari, na asidhani atapokea kitu kwa Bwana. Hatuuruki mstari huo. Mwaka 2004 sisi wenyewe tuliutumia kama fimbo. Someni mbele kidogo. Yakobo anamtaja mtu wa nia mbili. Mtu huyo tunamjua. Anakesha nasi Ijumaa, anapaza sauti kuliko wote, na Jumamosi alfajiri anapanda mlima kumwona mganga kwa shida ile ile, ili upande mmoja ukishindwa ule mwingine usaidie. Haulizi swali lolote. Hana haja ya kuuliza, kwa kuwa hamngojei yeyote. Mama wa sahani alikuwa na nia moja, akamletea Bwana swali moja, miaka yote. Wimbi linasukumwa huku na huku; yeye alikuwa amesimama mahali pamoja mpaka miguu ikavimba.

Na tuseme pia kwamba si kila anayesema «nina mashaka» ana mashaka. Tunamjua mmoja ambaye mashaka yake juu ya kanisa yalianza juma lile lile alipoombwa hesabu ya sadaka ya ujenzi. Huyo tunamwombea, na hesabu bado tunaingojea.

Lakini wengi hawako hivyo. Wengi wamebeba kitu kizito peke yao, na wamejifunza kuigiza. Wanainua mikono wakati wa kuinua mikono. Wanatoa ushuhuda uliorefushwa kwa sababu ushuhuda mfupi haushangiliwi. Wazee walisema, mficha ugonjwa, kilio kitamfichua; tumewaona watu wa kwetu waliocheka nasi Jumapili, na Jumatatu tukaitwa kwenye msiba wao. Kwa hiyo tunaomba neno moja kwenu ninyi mnaoketi karibu na mtu wa namna hiyo: mkimsikia anasema kwamba haamini tena, msikimbilie kumjibu. Kaeni. Katika waraka wake Yuda aliandika kwamba wenye mashaka wahurumiwe. Hakuandika kwamba washindwe kwa hoja.

Tomaso tunamtaja kila mwaka baada ya Pasaka, na kila mwaka tunamcheka kidogo. Hesabuni siku, ndugu. Alisema waziwazi kwamba hataamini mpaka atie kidole penye misumari, na Yesu alikuja siku nane baadaye. Siku hizo nane Tomaso alikuwa wapi? Yohana anasema alikuwa ndani ya nyumba pamoja na wenzake. Wao walikuwa wamemwona Bwana, yeye hakumwona, na hawakumfukuza, naye hakuondoka. Kama wangemtoa nje mpaka atubu, Bwana angekuja na Tomaso angekuwa barabarani. Hata mlimani Galilaya, siku ya mwisho katika Mathayo, imeandikwa kwamba walimsujudia na wengine wakaona shaka. Yesu hakuwatenga waliosujudu na walioshuku. Aliwatuma wote.

Mama yetu hakurudi kanisani kwa sababu tulimshawishi. Tulikwenda kwake wazee wote, tukaomba msamaha tumesimama, na yule mwenye maono akapiga magoti. Alisema amesikia. Hakuja. Miezi ikapita. Ndipo mjane mmoja mzee, ambaye kanisani hana cheo chochote, akaanza kwenda kwake jioni na kula naye, bila kutumwa. Tulikuja kujua baadaye kwamba mjane huyo alimwambia, «Mimi pia, siku mingi sisikie kitu nikiomba.» Siku moja waliingia pamoja ibada ikiwa imekwisha kuanza, wakaketi nyuma karibu na mlango. Huko ndiko anakoketi mpaka leo. Sahani bado anaiweka. Mtoto yule, kama yu hai, ni mtu mzima wa miaka zaidi ya 40. Tukifika wakati wa ushuhuda, mara nyingine anasimama na kusema, «Mimi sina ushuhuda, niko na swali,» kisha anaketi. Mwanzoni watu walisema amina kwa mazoea. Sasa wananyamaza.

Mwezi wa Februari 2025, mji ulipochukuliwa tena na vita, vijana wengine waliondoka usiku, wengine kwa hiari na wengine kwa nguvu, na akina mama wameanza kufika katika chumba cha maombi na swali lile la zamani. Sisi wazee tulijua kwamba hatufai kuwa wa kwanza kuwapokea. Tulimwomba yeye. Alikataa mara mbili, ya tatu akakubali. Anawapokea Alhamisi, kwenye benchi lile lile. Hatabiri, hafundishi. Anauliza mtoto anaitwa nani, alikuwa anapenda kula nini, na wanalia au wanakaa tu. Mmoja alimwuliza kama mtoto wake atarudi. Alimjibu kwamba hajui, na kwamba kesho yake atakuja kumsaidia kuchota maji.

Katika lile daftari tumeongeza ukurasa wa majina. Kila kesha tunayasoma moja moja kwa sauti, la mwanawe likiwa la kwanza, na baada ya kila jina hakuna anayesema kwamba anarudi, wala kwamba harudi. Tunamtajia Bwana jina, tunanyamaza, tunataja linalofuata. Kesha la Ijumaa hii linaanza saa mbili za usiku. Mwenye jina la kuongeza amwone katibu kabla ya wimbo wa kwanza.